Hela: jina la mji wa chumvi wa Ujerumani lilivyoishia mfukoni mwetu

#1 Kibubu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa Korogwe kwenye arobaini ya bibi. Wageni walipotawanyika, shangazi akanikabidhi sanduku la bati la marehemu nilipekue, "maana wewe ndiye mwenye macho". Humo mlikuwa na mambo ya siku zote: vifungo vya kila rangi, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana wajukuu, ufunguo usio na kufuli. Chini kabisa, ndani ya kopo la poda, ikalia sarafu moja. Ina tundu katikati.

Nikaisogeza dirishani. Upande mmoja una taji la kifalme, mwaka 1913, na maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA. Upande wa pili una namba 5, majani, na neno HELLER. Kuna na kiherufi A kidogo sana, alama ya kiwanda cha kufulia sarafu cha Berlin. Jambo moja halijaniingia akilini: tundu limezungukwa na mkwaruzo wa duara, laini, kana kwamba kuna kitu kilikuwa kikisuguana nalo miaka na miaka. Na ni upande mmoja tu. Mwenye kujua aseme.

Nimesimama pale nasoma HELLER, HELLER, mara binamu akaita toka uani: "We! Njoo utoe hela ya maturubai!" Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kwamba "hela" ni neno la Mjerumani, wengi tunajua. Shuleni tuliambiwa kwa mstari mmoja, tukasonga mbele. Mimi nilitaka kujua huyo Heller naye alitoka wapi, na nimelihangaikia hilo siku kumi. Alitoka kwenye mji.

Mji wenyewe uko kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Kocher. Leo unaitwa Schwäbisch Hall. Zamani ulikuwa Hall tu. Palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi, watu wakiyachemsha mpaka chumvi inabaki. Ukiona Hall au Halle kwenye ramani ya nchi zinazosema Kijerumani, mara nyingi ni mji wa chumvi. Penye chumvi pana biashara, na penye biashara panatakiwa chenji. Hall wakawa na kiwanda chao cha sarafu, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 12 maandishi yanaitaja "pfennig ya Hall", kwa Kijerumani Haller Pfennig. Ilikuwa kijisarafu chembamba cha fedha, upande mmoja mkono, upande mwingine msalaba. Watu wakachoka kutamka maneno mawili, wakabaki na Haller, kisha Häller, kisha Heller.

Sasa kilichoipa umaarufu si ubora. Ilikuwa nyepesi na fedha yake haba kuliko pfennig za miji mingine. Ndiyo maana ilienea: ukiwa na sarafu nzuri na mbovu, nzuri unaificha chini ya godoro, mbovu unaitoa haraka. Miji mingine ikaanza kufua Heller zake. Ikafika mahali Heller ni nusu ya pfennig, halafu fedha ikaisha kabisa ikawa shaba tupu. Kutoka jina la mji, ikawa jina la chenji ya mwisho kabisa, ile anayoachiwa ombaomba.

Jina likaanza kutembea. Likawa jina la ukoo: wako akina Heller Ujerumani, Austria, Ucheki, Hungaria, Marekani. Wengine waliitwa hivyo kwa sababu babu yao alitoka Hall. Wengine inawezekana kwa utani wa mtaani, mtu wa senti tano. Na wengine hawahusiani na sarafu kabisa, maana kwa Kijerumani "hell" ni -eupe, -angavu, na "heller" ni angavu zaidi. Kwa hiyo ukikutana na Bwana Heller, huwezi kujua kama ni Bwana Hela au Bwana Mwangaza.

Halafu likaja kwetu, na hapa ndipo niliposhangaa. Ujerumani ilipoungana na kuanzisha mark miaka ya 1870, Heller ikafa kwao. Frankfurt walikuwa bado wanaifua miaka ya 1860, kisha basi. Mwaka 1904, zaidi ya miaka 30 baada ya kuizika, wakaifufua Afrika Mashariki. Hapo kabla rupia ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64, hesabu ya Kihindi. Serikali ya koloni ikasema kuanzia sasa rupia moja ni Heller 100. Zikaja nusu Heller na Heller 1 za shaba nyekundu, mwaka 1908 ikaja Heller 5 kubwa, nzito kama kifuniko, na Heller 10 yenye tundu. Ile ya 5 ilidumu miaka miwili tu, baadaye wakaileta upya ndogo, nyeupe, yenye tundu, kama hii ya bibi.

Kwao neno limebaki kwenye misemo ya wazee. Kwetu limemeza pesa zote. Karibuni.

#2 Mtu wa Gongo la Mboto

Nimeweka mkeka hapa. Mkuu hiyo sarafu unauza?

#3 Kibubu

Siuzi.

#4 Mpemba wa Wete

Nyie wa bara ndio wenye hela. Sisi huku twasema pesa, na watoto wetu wanakwenda skuli. Mie nikimsikia mtu kasema "sina hela ya shule" najua huyu kavuka bahari.

Na si bure. Mjerumani hakututawala sisi, tulikuwa na Sultani na Mwingereza. Kwa hivyo skuli yetu ni ya Kiingereza, shule yenu ni ya Kijerumani. Chora mstari baharini hapo, utaona mpaka wa wakoloni bado uko midomoni mwa watu.

#5 Kibubu

Hapo umenipiga bao mkuu. Nilikuwa sijaziweka hizo jozi mbili pamoja.

Ila mpaka wenyewe una matobo. Wakenya nao wanasema shule na hawakutawaliwa na Mjerumani, ukiacha kile kipande cha Witu, karibu na Lamu, 1885 hadi 1890. Hiyo shule wameipata kwenye Kiswahili cha vitabu, kilichosanifishwa kuanzia 1930. Lakini hela haikuvuka pamoja na shule.

#6 Kamau wa Kariobangi

Thibitisho kutoka Nairobi. Huku ni pesa, doo, ganji, chapaa. Hela tunaielewa vizuri, lakini ukiitamka kwa matatu kondakta anajua umetoka Bongo na anakuongezea nauli.

#7 Ngosha Asiyedanganyika

Mnadanganyana. Hela ni neno la Kibantu kabisa. Kila kitu mnawapa wazungu. Wazee wetu walikuwa hawana fedha mpaka Mjerumani aje?

#8 Kibubu

Ngosha, fedha zilikuwepo, tena nyingi: shanga, simbi, nguo, majembe, rupia za Wahindi, reale. Siwapi wazungu fedha, nawapa neno moja. Lenyewe limeandikwa kwenye sarafu, mkuu, ninayo mkononi.

Halafu wewe ni Msukuma. Kisukuma mnasemaje hela?

#9 Ngosha Asiyedanganyika

Mpiya.

#10 Kibubu

Na mpiya ni rupia. Wahaya nao empiya. Rupia ni ya Kihindi. Wanyakyusa wana indalama, ambayo ukiifuata inakurudisha kwenye dirham ya Waarabu. Pesa ni paisa ya India. Fedha ni ile madini yenyewe, silva. Shilingi na senti tunajua. Sijaona lugha ya kwetu iliyoogopa kuokota jina la sarafu ya mgeni. Tunalibakiza jina na kumsindikiza mgeni.

#11 Ngosha Asiyedanganyika

Sawa, nimekaa.

#12 Muha wa Manyovu

Hamjafika kwetu bado. Vukeni mpaka hapo Burundi. Kirundi pesa ni *amahera*. Hiyo ni hela yenu yenyewe iliyovalishwa ama-, maana Burundi na Rwanda zilikuwa ndani ya koloni hilohilo la Mjerumani. Sisi Waha tuko nao hapo kwa hapo, kwa hiyo neno silisikii kama geni hata kidogo.

Kinachonichekesha: Mbelgiji alikuja 1916, akakaa mpaka 1962 na faranga zake. Noti yao mpaka leo ni faranga ya Burundi. Ila mtu akiishiwa, kinachokosekana ni amahera. Mbelgiji alishinda benki, Mjerumani akabaki sokoni. Rwanda ndio walikwenda na faranga moja kwa moja, wanasema amafaranga.

#13 Kibubu

Hii nilikuwa siijui kabisa. Asante sana mkuu.

Na umenikumbusha kwa nini neno lilishika haraka namna ile wakati Heller ilidumu miaka kumi na kitu tu, 1904 mpaka vita. Ni kodi. Kodi ya kibanda ilianza 1898, kijijini rupia tatu kwa nyumba. Hizo rupia tatu mtu wa Handeni au Songea angezitoa wapi? Aende shamba la mkonge la mzungu, apewe kipande chake, yaani kadi ya kazi ya siku thelathini, kila siku ya kazi inatiwa alama. Akikosa siku, haijatimia. Mtu anayehesabu hivyo hawezi kusahau jina la kile anachohesabu. Kwake Heller ilikuwa umbali uliobaki kabla askari hajabisha hodi.

#14 Nesi wa Zamu ya Usiku

Naingilia kati kwa mambo ya hospitali, mnisamehe.

Kuna operesheni inaitwa ya Heller. Nimeihudumia mara mbili nikiwa chumba cha upasuaji na sikuwahi kufikiria kuwa nasema "operesheni ya hela". Kuna ugonjwa ambao ile misuli ya chini ya umio, pale chakula kinapoingilia tumboni, inakataa kulegea. Mgonjwa anakula ugali unakwama kifuani, hata maji yanarudi. Wengine wanafika wamekonda mpaka ndugu wanasema amerogwa. Daktari anachofanya ni kuikata ile misuli kwa urefu, taratibu, bila kutoboa utando wa ndani. Ukitoboa umeharibu. Ikifanyika vizuri, mgonjwa anakunywa uji na unateremka. Mama mmoja alilia kwa sababu ya uji.

Aliyeianzisha ni daktari mpasuaji Mjerumani, Ernst Heller, mwaka 1913. Mwaka wa sarafu ya bibi yako.

#15 Kibubu

Nesi, umenisisimua mwili. 1913!

Basi na mimi niongeze akina Heller niliowakusanya. Theodor Heller wa Vienna, 1908, alieleza hali ya watoto waliokuwa wanaongea na kucheza vizuri halafu ghafla wanapoteza lugha. Madaktari waliiita kwa jina lake muda mrefu. Yuko rabi Yom-Tov Lipmann Heller, aliyezaliwa 1579, akawa rabi mkuu Prague, baadaye Krakow. Ágnes Heller, mwanafalsafa wa Hungaria, alinusurika mauaji ya Wayahudi akafa 2019. Joseph Heller, mwandishi wa Marekani. Nje ya watu kuna kitongoji kizima Copenhagen kinaitwa Hellerup, kimebeba jina la Heller mmoja aliyekuwa na nyumba na ardhi pale.

Ila ninayempenda kuliko wote ni Walter Heller. Huyu alikuwa mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi wa Rais Kennedy. Yaani Marekani, bajeti ya nchi nzima, na mshauri ni Bwana Hela.

#16 Mtu wa Gongo la Mboto

Hahaha! Na waziri wa afya alikuwa Bwana Panadol.

#17 Mbeba Boksi wa Stuttgart

Wakuu, mimi naishi kama saa moja kwa treni kutoka huo mji mnaousema. Nilishapelekwa na bosi wangu wa zamani Jumapili moja, wala sikujua kwamba nakanyaga asili ya hela.

Katikati kuna uwanja wenye kanisa la Mtakatifu Mikaeli, na mbele yake ngazi za mawe ni nyingi, zimepanuka kama zinamwagika. Kiangazi wanacheza michezo ya kuigiza juu ya hizo ngazi, wamefanya hivyo tangu 1925. Waigizaji wanapanda na kushuka huku wamevaa majoho, mimi nilikuwa nasubiri mmoja adondoke.

Chini mtoni ndipo palipokuwa na kisima cha chumvi. Uchemshaji ulikoma 1924, lakini sherehe ya wachemsha chumvi ipo bado kila Pentekoste, wanavaa kizamani na kubeba mkate mtamu mkubwa. Na nembo ya mji, ambayo nilidhani ni mambo ya kanisa, ina duara mbili: moja msalaba, moja kiganja cha mkono. Sasa nimesoma posti ya kwanza ndio naelewa. Ni Heller, pande zote mbili.

Uliza leo Mjerumani yeyote Schwäbisch Hall inajulikana kwa nini. Atakwambia taasisi ya kuweka akiba ya kujengea nyumba, yenye makao yake hapo na jina la mji. Tangazo lake liko kila mahali. Mji ulioanza na chenji bado unashika hela za watu.

#18 Kibubu

Mkuu wa Stuttgart, swali: Wajerumani bado wanaitumia Heller wakiongea?

#19 Mbeba Boksi wa Stuttgart

Kwenye misemo tu. "Auf Heller und Pfennig", kulipa mpaka senti ya mwisho. Na "keinen roten Heller", hana hata Heller moja nyekundu, kwa sababu zile za mwisho zilikuwa shaba. Nilipomwambia mfanyakazi mwenzangu kwamba sisi Heller ndio neno letu la pesa la kila siku, tunanunulia nyanya, alinitazama kama nimemwambia tunawasha gari kwa mafuta ya taa. Kwake ni neno la bibi yake.

#20 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, mjadala mzuri. Nami nina kidogo, cha Biblia.

Martin Luther alipofasiri Agano Jipya, ilimbidi atafute sarafu ambayo Mjerumani wa kawaida ataiona mbele ya macho yake. Yule mjane maskini wa Marko 12 akamwandikia anatia vijisarafu viwili "vinavyofanya Heller moja". Na Mathayo 5, yule aliyetiwa gerezani hatoki mpaka alipe "Heller ya mwisho".

Sasa fungueni Biblia yetu ya Kiswahili. Mjane ametia senti mbili. Mfungwa hatoki mpaka alipe senti ya mwisho. Ni sarafu za Mwingereza hizo. Mjane wa watu wa Yerusalemu, kila anapofika nchi mpya anabadilishiwa sadaka yake kwa fedha ya serikali iliyopo.

Na wale wanaogombana kila siku kama ni "hela yangu" au "hela zangu", zote ni sawa. Inategemea unaiona kama rundo moja au kama noti unazihesabu.

#21 Msukuma Mkokoteni

Mwalimu mimi huwa siioni kabisa, nitumie ngeli ipi?

#22 Mwalimu Mstaafu

Tumia wakati uliopita.

#23 Aliyelizwa

Naomba niseme hapa kwenye uzi huu kwa sababu wengi watasoma na kukimbilia masanduku ya bibi zao.

Mwaka fulani nilifuatwa na watu watatu wenye heshima zao, mmoja na kanzu nyeupe pee. Wakasema wana mnunuzi wa "rupia ya Mjerumani", anatoa milioni mia moja kwa moja tu, lakini lazima iwe na nguvu, "inavuta mchele". Unaweka sarafu juu ya sahani, punje zinaisogelea. Nikauziwa moja kwa laki nane ili nimpelekee huyo mnunuzi. Mnunuzi alikuwa mtu wa nne wao. Nilibaki na sarafu. Mchele haukusogea, nilikaa nao jikoni mpaka saa saba usiku, mke wangu amesimama mlangoni haongei.

Wenye kuchimba mali za Mjerumani chini ya mibuyu, ni haohao, ni mchezo uleule. Sarafu ni sarafu. Haivuti kitu.

#24 Kibubu

Pole sana mkuu. Umefanya vizuri kusema.

Heller nyingi za kawaida zilifuliwa kwa mamilioni na wakusanyaji wanazo hadi leo, bei yake ni ya kawaida tu. Yenye thamani kweli ni nyingine, na historia yake haihitaji uchawi. Vita ilipoanza 1914, meli za Mwingereza zikafunga pwani, sarafu mpya haziji kutoka Berlin. Mwaka 1916 Wajerumani wakafua zao wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Heller 20 walizitengeneza kwa shaba nyekundu na shaba nyeupe, ikiwemo ya maganda ya risasi. Na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakafua rupia 15, upande mmoja tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Zote zina herufi T, ya Tabora. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, mchezo ukaisha.

Noti nazo walizichapa hukuhuku wakati wa vita, nyingine kwenye karatasi ovyo ovyo. Wazungu wenyewe waliziita noti za porini.

#25 Mnyamwezi wa Cheyo

Yaani sarafu pekee iliyowahi kutengenezwa hapa nyumbani wakati wa Mjerumani imetengenezwa Tabora, na mafundi wa reli! Hili nilifundishwa lini? Mimi nimesoma Tabora sekondari miaka sita, tumeimbishwa tarehe za vita vya Ulaya mpaka basi.

#26 Bin Swahib

Kuna ndugu yake Heller hamjamtaja, mkubwa wake kwa thamani. Taler.

Bohemia, ambako leo ni Ucheki, kulikuwa na mji wa machimbo ya fedha unaitwa Joachimsthal, Bonde la Joakimu. Karibu na mwaka 1520 wakaanza kufua sarafu kubwa za fedha, zikaitwa Joachimsthaler. Refu mno. Watu wakakata kichwa wakabaki na mkia: Thaler, yaani "ya bondeni". Waholanzi wakasema daalder, Waingereza dollar, sisi tukasema dola. Kwa hiyo dola za Marekani maana yake ni mabonde. Neno hilohilo la bonde liko kwenye Neanderthal, yule mtu wa kale aliyepatikana bonde la Neander.

(Dola kwa maana ya serikali ni nyingine, hiyo ni ya Kiarabu, msichanganye.)

Na Thaler ilifika kwetu kabla ya Heller. Ile ya Maria Theresa, malkia mnene wa Austria, imeandikwa 1780 hata kama imefuliwa miaka mia baadaye, ilikuwa ikitumika Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu pia. Wazee waliziita reale, hawakuzipa jina la bonde.

#27 Kibubu

Basi hela ni mji na dola ni mji. Unakwenda duka la kubadilishia fedha pale Samora, unampa mtu mji wa chumvi anakupa mji wa machimbo.

#28 Msomi wa Prague

Nilikuwa nasoma tu kimya kimya, lakini mmetaja Bohemia imebidi nijisajili.

Nilisoma Ucheki miaka sita. Korona yao ina *haléř* mia. Ndiyo, Heller. Dola ya Austria na Hungaria ilipoanzisha korona mwaka 1892 iliigawa kwa Heller 100, na Chekoslovakia ilipojitegemea 1918 ikabaki nayo, ila wakaitamka kwa kwao. Slovakia halier, mpaka walipohamia euro 2009.

Nilipofika nilikuta sarafu ya haléř 50 tu, za 10 na 20 zilikuwa zimeondolewa 2003. Ilikuwa nyepesi ya alumini, ukiidondosha haina hata mlio. Mwaka 2008 nayo ikaondolewa. Lakini dukani bei imeandikwa 29.90 mpaka leo, unalipa thelathini. Zile haléř tisini zipo kwenye karatasi na kwenye kompyuta, mkononi hazipo.

Siku ya mwisho ya hizo 50 nilikwenda dukani na mfuko mzima nilioweka miezi. Mama wa kaunta akazihesabu zote bila kukunja uso, akaniuliza Afrika mnatumia pesa gani. Nikamwambia shilingi, lakini tukiongea tunasema hela. Akasema "haléř?" Nikasema hela. "Haléř?" Hela. Foleni ilikuwa nyuma yangu watu saba.

#29 Muha wa Manyovu

Wewe ndiye umemaliza uzi.

#30 Mpemba wa Wete

Na ule mkwaruzo wa sarafu? Mleta uzi ulituuliza, hatujakujibu hata mmoja. Mie nilidhani bibi alikuwa kaitunga kwenye uzi akaivaa shingoni, lakini uzi haukwaruzi chuma.

#31 Kibubu

Leo nimempigia shangazi, kisha nikamtumia picha. Akacheka mpaka akakohoa.

Anasema Heller na Mjerumani havijui. Anachojua ni kwamba babu alikuwa na baiskeli, madigadi ya nyuma inalegea kila akipita reli, na washa, vile vibati vya duara vyenye tundu vya kuweka chini ya nati, zilikuwa za kuagiza Tanga. Akaichukua hiyo sarafu, ina tundu tayari, akaikaza na nati. Imekaa pale mpaka baiskeli ilipouzwa kwa chuma chakavu, na bibi akamwambia mnunuzi asubiri, akaenda kuleta spana.